WAMEIITA UHURU, NDANI MNA POMBE



Ndugu yangu, kuna kijana wetu yuko Ulaya kaniandikia. Alialikwa na wafanyakazi wenzake, akapewa glasi: rangi ya soda, barafu, kipande cha ndimu. Kauliza ni nini, kajibiwa "Cuba Libre". Kanywa. Kesho yake ndiyo akaambiwa mle mna ramu. Sasa anauliza: sheikh, hiyo si kokteli tu? Mbona jina lake halitaji pombe?

Halitaji, ndiyo. Hapo ndipo penye mtego.

Cuba Libre kwa Kihispania ni "Kuba Huru". Ilikuwa kauli ya Wakuba waliopigana na Hispania kudai nchi yao. Hispania ikashindwa mwaka 1898, Wamarekani wakaingia, na kauli ya watu waliomwaga damu ikaishia kwenye glasi ya ramu, Coca-Cola na ndimu. Kwa Kiingereza wengi huiagiza kwa jina kavu: "rum and Coke". Glasi ni ile ile! Lugha moja inakutajia kilevi, nyingine inakupigia makofi ya ukombozi. Wakuba waliohama nchi yao baada ya Castro wanaikejeli kwa jina "mentirita", yaani kauongo kadogo. Wao wanasema siasa zao, lakini neno hilo mimi nalichukua.

Na ramu yenyewe inatoka wapi? Kwenye miwa. Miwa ya Kuba ililimwa na Waafrika waliotekwa wakauzwa, na utumwa kule haukufutwa mpaka 1886. Leo zao la jasho lile linaitwa Uhuru. Subhanallah! Uhuru gani wa mtu anayeamka hajui jana alimtukana nani?

Mtume ﷺ alikwishatutahadharisha kuwa watakuwepo katika umma wake watu watakaokunywa pombe na kuipa jina lisilo lake. Imo kwa Abu Daud na Ibn Majah. Na Umar, Allah amridhie, alieleza juu ya mimbari kuwa khamr ni kile kinachofunika akili. Hakuuliza kinaitwaje. Ramu ya kawaida ina kilevi karibu asilimia 40. Ukiimwagia soda hujakiondoa, umekirahisishia njia ya kooni tu.

Sasa wewe uliyeuliza. Glasi ya kwanza hukujua, huna dhambi inshaAllah. Lakini mwishoni mwa ujumbe wako umeandika kwamba wiki iliyofuata uliagiza tena, "moja tu". Hapo ulishajua. Usinitafutie mimi fatwa ya Kihispania. Tubu leo, kabla hujalala. Na wakikualika tena, agiza soda na ndimu, waambie wasitie kitu kingine. Mhudumu atakuelewa.