Ripoti ya Mikopo: Iombe kwa Mkono Wako

Akina mama wengi wa Kenya huikumbuka CRB siku ya haraka. Binti ameitwa kazini na mwajiri anataka cheti, au chama kinaomba mkopo na benki imedai ripoti za viongozi wake. Hapo tunakimbilia saiba ya jirani, tunamkabidhi kijana wa pale kitambulisho na simu, na kumwambia, "Nitolee hiyo ripoti." Hatari huanzia hapo.

Kwanza tufahamu tunachokwenda kuomba. CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo: umekopa wapi, kiasi gani, na unalipaje. Miongoni mwa zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni zinakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo, mama, usikubali kuuziwa kilicho chako.

Ripoti hiyo huombwa kwa mambo machache: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na pengine anwani ya barua pepe. Namba ya siri ya M-Pesa haimo. Anayekuuliza namba hiyo ni mwizi, hata akijitaja kuwa ofisa. Tarakimu za uthibitisho zikitumwa kwenye simu yako, ziandike wewe mwenyewe, usimsomee mtu.

Ukilazimika kwenda saiba, keti wewe mbele ya kompyuta. Ukimaliza, funga ukurasa wako na barua pepe yako, kisha hakikisha picha ya kitambulisho na ripoti yenyewe zimefutwa. Nakala zilizoharibika usiziache mezani. Zichukue ukazichome jikoni. Na unapotoa nakala ya kitambulisho popote, andika juu yake tarehe na kazi iliyokusudiwa, ili isitumiwe kwa jambo jingine.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Mjanja akipata habari zako anaweza kujaribu kuihamisha namba yako ya simu kwenye laini yake, kisha akakopa kwa jina lako. Wewe utajua siku benki itakapokukataa. Na kumbukumbu mbaya hukaa miaka 5 hata baada ya deni kulipwa. Basi anayekuahidi kwamba kwa shilingi elfu mbili tatu atakufuta CRB leo leo, anakudanganya, na tena anaondoka na kitambulisho chako.

Tuseme pia neno gumu kidogo. Si kila hatari hutoka nje. Shemeji au mpwa huja akisema, "Mama, niazime kitambulisho nisajili laini tu." Tunaona haya kumkatalia. Lakini mkopo ukichukuliwa kwa laini hiyo, jina litakaloandikwa ni lako. Mpe chai, mpe nauli ukiwa nayo, ila kitambulisho kibaki kabatini. Upole si kujitia deni usilolijua.

Basi jiwekee mwezi mmoja katika mwaka, labda ule wa kulipa karo ya kwanza, uombe ripoti yako na kuisoma mstari kwa mstari. Ukikuta mkopo usioujua, iandikie kampuni iliyotoa ripoti pamoja na yule aliyekopesha, na utunze nakala ya barua zako. Una haki ya kutaka kosa lichunguzwe na kusahihishwa. Na habari zako zikitumiwa bila idhini yako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuruhusu kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwite binti yako mkae pamoja mbele ya ripoti hiyo, ajifunze kuisoma kabla hajatafuta kazi yake ya kwanza.