Wimbo wa Marie-Louise

Mwanafunzi mmoja wa hapa Manika ameniuliza: «Mwalimu, ni kweli wimbo wa Marie-Louise ulifufua wafu?»

Wasomaji wapenzi, wimbo huo ulitiwa katika sahani mwaka 1948 mjini Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, katika nyumba ya Ngoma ya Mgiriki Nicolas Jéronimidis. Wendo Kolosoy, aliyepata kuwa fundi wa mitambo katika meli za mto Kongo, aliimba. Henri Bowane akamwitikia na kupiga gitaa. Habari yake ni ya kijana ampendaye msichana, lakini jamaa za msichana wamkataa kwa kuwa ni mwimbaji. (Wazazi wangapi wa kwetu wangemkubali hata leo?)

Mwanzoni haukuvuma. Kisha Radio Congolia ikautangaza, magari ya Ngoma yakawazungusha waimbaji, na watu wakaucheza kila mahali. Ndipo ukazuka uvumi: ukipigwa usiku wa manane, wafu huamka! Mapadre wakaghadhibika, na Wendo, yasimuliwa, akafungwa kwa muda huko Stanleyville. Masikini, kosa lake lilikuwa kupendwa mno.

Nikamjibu mwanafunzi: Wendo mwenyewe alifariki mwaka 2008. Sahani yake ingali ikipigwa, naye hajaamka.