Meno ya Mzee Nayo Yapumzike



Mzee mmoja wa safu ya mbele msikitini kwetu hakuwa akiikosa kahawa ya baada ya Alfajiri. Ghafla akawa anatoa salamu na kuondoka. Wanakamati tulipokwenda kumjulia hali, alituficha. Mkewe ndiye aliyetuambia kuwa kinywa kinamuuma. Mzee wetu alikuwa akilala na meno yake ya bandia miezi mingi, akiona haya wajukuu wasije wakamwona kibogoyo.

Daktari wa meno alimkuta na ufizi mwekundu uliovimba. Ufizi unaofunikwa usiku na mchana hauoshwi vyema na mate, na fangasi hustawi chini ya meno hayo.

Basi kila baada ya kula, yatolewe na kusuuzwa. Walau mara moja kwa siku yasuguliwe pande zote kwa brashi laini na sabuni isiyo kali. Dawa ya meno ya kawaida huyakwaruza, na maji ya moto huyapinda. Anayeyaosha atangulize beseni lenye maji chini ya mikono, yasije yakaponyoka na kuvunjika. Usiku yalazwe ndani ya maji safi ya baridi. Ufizi, ulimi na meno ya asili yaliyosalia navyo visafishwe. Yakilegea yasigandishwe kwa gundi, apelekewe daktari. Na kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kisipuuzwe.

Wapo wanaotuuliza kuhusu udhu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kusukutua ni sunna, si nguzo. Udhu wa mwenye meno ya bandia husihi hata asipoyavua. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimiza mno mswaki, na usafi wa kinywa hauishi kwa kung'oka meno.

Enyi vijana, wekeni kikombe chenye mfuniko karibu na kitanda cha mzazi, mbadilishieni maji kila siku, na wakatazeni watoto kucheka. Haya ndiyo yaliyomwumiza mzee wetu kabla ya fangasi.

Alhamdulillahi, ametumia dawa, usiku meno huyavua, na wiki iliyopita alikaa nasi mpaka birika likaisha.

Wabillahi tawfiq.