Kesi Iliyokwisha na Dhulma Isiyokwisha

Wapo wanaodai kuwa kesi iliyokwisha kuamuliwa haifai kufukuliwa, kwani kuifukua ni kuivunjia serikali heshima na kuwapa wahalifu mwanya. Sisi tunasema dai hili ni batili, na dalili ya ubatili wake iko Marekani, katika jimbo la Texas.

Huko mwendesha mashtaka wa kaunti hachaguliwi na Rais kama Mkurugenzi wa Mashtaka wa kwetu, bali hupigiwa kura na wananchi. Matokeo yake ni kuwa wengi wao huomba kura kwa kuhesabu waliowafunga. Kaunti ya Dallas ilikuwa maarufu kwa hilo tangu Henry Wade alipoingia ofisini mwaka 1951, akakaa humo miongo mitatu na zaidi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Miller-El, ilitaja ushahidi kwamba ofisi hiyo kwa muda mrefu iliwaengua watu weusi wasiwe miongoni mwa raia wanaoamua kesi.

Mwaka 2006 alichaguliwa Craig Watkins, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho Texas. Mwaka uliofuata alianzisha kitengo maalumu cha kuhakiki hukumu za ofisi yake mwenyewe. Wanasheria wa nje na wanafunzi wa sheria wakaruhusiwa kupekua majalada zaidi ya 400 ya wafungwa walioomba kupimwa vinasaba. Iliwezekana kwa kuwa maabara ya Dallas ilikuwa imehifadhi vielelezo kwa miongo, ilhali kwingine vilitupwa. Mfungwa wa kwingine, hata awe hana hatia, atapima nini?

Miongoni mwa waliotoka ni mtu aliyefungwa mwaka 1981 kwa mauaji, akaachiwa 2008 baada ya miaka 27. Ilidhihirika kuwa waendesha mashtaka walikuwa na habari kwamba usiku ule marehemu alionekana na wanaume watatu, nao wakaificha. Mtu huyu aliacha kuhudhuria vikao vya bodi ya parole, kwani ili aachiwe ilimbidi akiri kosa asilolitenda. Tuulize: ni heshima gani ya serikali iliyolindwa kwa miaka hiyo 27?

Ama hoja ya mwanya kwa wahalifu, jibu lake liko Kaunti ya Williamson, Texas hiyo hiyo. Michael Morton alihukumiwa mwaka 1987 kwa kumuua mkewe. Ofisi ya mashtaka ilipinga kwa miaka kadhaa kitambaa kilichookotwa karibu na nyumba kisipimwe. Kilipopimwa hatimaye, Morton akatoka mwaka 2011, baada ya karibu miaka 25. Vinasaba vilielekeza kwa mtu mwingine, naye akatiwa hatiani mwaka 2013, na mwaka 2016 akatiwa hatiani tena kwa mauaji ya mwanamke mwingine yaliyotokea 1988, wakati Morton yuko gerezani. Basi ni nani aliyempa mhalifu mwanya? Mwendesha mashtaka aliyeficha ushahidi, ambaye alikwisha kuwa jaji, alihukumiwa siku kumi jela. Siku kumi, ndugu zetu, kwa miaka 25!

Wanaolalamikia gharama nao wajibiwe: sheria ya Texas ya mwaka 2009 humlipa aliyefungwa kwa dhulma dola 80,000 kwa kila mwaka aliokaa ndani. Wafanyakazi wachache wa kitengo ni rahisi kuliko hayo.

Hata hivyo hatuvisifu vitengo hivi kwa jina tu. Baada ya Dallas vimeenea katika kaunti nyingi, na vipo ambavyo havijamtoa hata mtu mmoja. Kitengo kisichomfungulia wakili wa mfungwa jalada zima ni kibao cha mlangoni tu. Kitengo ambacho mkuu wake ni yule yule aliyeendesha kesi ya awali ni mshitakiwa kujihukumu mwenyewe. Kinachotakiwa ni sheria iliyoandikwa, kama ile ya 2013 iliyopewa jina la Morton, inayowalazimisha waendesha mashtaka wa Texas kumwonesha mshitakiwa ushahidi walio nao. Watkins alishindwa katika uchaguzi wa 2014. Kitengo chake kilibaki, lakini popote ambapo hakuna sheria ya kukilinda, atakayeshinda kura anaweza kukifunga siku ya kwanza kazini.