Ngoma Husikilizwa Kabla ya Kuhesabiwa

Kila mwaka Tamasha la Muziki la Kenya linapokaribia, viwanja vya shule nyingi za Kisii na Nyamira huvuma kwa sauti moja: "Moja, mbili, tatu, nne!" Mwalimu hupiga makofi, wanafunzi hutupa miguu. Wimbo huletwa baadaye, hatua zikisha kukaa. Kwa maoni yangu, utaratibu huu ni wa kinyumenyume.

Ngoma ya Abagusii imejengwa juu ya neno. Mpigaji wa obokano, ala ile kubwa ya nyuzi nane, yenye mvumo mzito na iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo, huandamana na kinywa cha mwimbaji. Mwimbaji akirefusha sifa ya mtu, mabega ya wachezaji nayo hungoja. Isitoshe, katika Ekegusii kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na irabu fupi si sawa na irabu ndefu. Basi mwanafunzi aliyelishwa nambari tupu hufika mwisho wa "nne" yake ilhali neno lingali hewani. Hapo miguu huachana na wimbo, tena mbele ya waamuzi.

(Kiswahili kilikwisha kuling'amua jambo hili: "ngoma" ni ala, ni uchezaji, na ni shughuli nzima. Sisi walimu ndio tunaozitenganisha.)

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu ana wanafunzi arobaini, majuma matatu, na baadhi yao hawajui Ekegusii. Pengine hata yeye mwenyewe hakijui. Ni kweli, na hesabu humsaidia anayeanza. Lakini huyo asiyejua lugha ndiye hasa anayestahili kupewa maneno kwanza, pamoja na maana yake, ili ajue anachotikisia mabega. Siku mbili za mwanzo watu na waketi, wasikilize, waimbe. Kisha mabega, na miguu mwisho.

Tamasha hili, lililoanza mwaka 1927, limezihifadhi ngoma nyingi shuleni, na sina nia ya kulibeza. Ila mzee wa obokano aghalabu huitwa siku chache kabla ya mashindano, aje kusindikiza hatua zilizokwisha kukaushwa. Kwa nini asiitwe siku ya kwanza, akalipwa kama mwalimu, na mwalimu wa darasa akaketi miongoni mwa wanafunzi?