Warudishieni Watoto Zimwi Lao

Wazazi wenzangu, leo nina neno nanyi juu ya zimwi.

Sisi tuliokulia Matombo, chini ya Milima ya Uluguru, tulilishwa zimwi kila jioni kama tulivyolishwa ndizi na maharage. Ukungu ukishashuka mlimani na kuziba njia ya mtoni, bibi alisukumia kuni kwenye mafiga, akaita "Paukwa!", nasi tukaitika. Mara nyingi ilikuwa hadithi ya msichana aliyesahau simbi yake mwambani. Aliwaomba wenzake wamsindikize wakakataa, akarudi peke yake, akalikuta zimwi limekaa juu ya mwamba. Likamtia ndani ya ngoma. Tangu hapo likawa linazunguka kijiji hadi kijiji likiomba chakula, likipiga ngoma, na ngoma ikiimba kwa sauti ya mtoto.

Hapo bibi alinyamaza. Tulisikia maji ya mto na mbwa wa jirani, na kila mmoja wetu alijisogeza mpaka akagusa khanga yake. Bahari yenye simbi hatukuwahi kuiona. Kwetu mwamba ule ulikuwa kwenye Mto Ruvu, pale pale tulipochota maji asubuhi. Kisha zimwi likaingia kijijini kwa msichana, mama akaitambua sauti ya mwanawe, likanyweshwa pombe likalala. Mtoto akatolewa, ngoma ikajazwa nyuki na nyoka. Lilipoamka na kuipiga ngoma ili liimbiwe, sisi tulikuwa tumeshaanza kucheka, na tulilala tukicheka.

Siku hizi naambiwa hadithi za namna hiyo zinaharibu watoto. Mpe mtoto, wanasema, kitabu cha sungura mtiifu anayepiga mswaki. Sina ugomvi na mswaki. Lakini mzazi huyo huyo anayelikataa zimwi la kitabuni, mtoto akichelewa kulala humwambia, "Haya, zimwi linakuja kukuchukua!" Akikataa dawa, humwambia daktari atamdunga sindano, akilia ndani ya daladala, humtishia polisi. Hicho ni kitisho. Kinamwacha mtoto gizani na zimwi lisilokufa, tena limetumwa na mama yake mwenyewe. Hadithi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na msimuliaji amekaa hapo hapo, joto lake unalisikia.

Wala tusijidanganye kwamba tukinyamaza mtoto ataishi bila hofu. Atazipata kwenye kibanda umiza, alikokwenda kaka yake kutazama Nsyuka na Shumileta, filamu za wakubwa, bila mtu wa kumshika mkono. Atazipata kwenye simu. Na atazipata kwa wakubwa wanaonong'ona habari za mumiani.

Mumiani nawaomba tumtazame kwa makini. Mwaka 1992 Peter Pels, mwanaanthropolojia wa Uholanzi, aliandika juu ya uvumi huo katika Uluguru yetu, jinsi Wazungu wa enzi za ukoloni walivyodhaniwa kunyonya damu za watu. Mombasa mwaka 1947 umati ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa hofu hiyo hiyo. Mambo ya kale? Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoa jirani wa Dodoma, watu watatu, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kilichoko Arusha pamoja na dereva wao, waliuawa na miili yao ikachomwa moto. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ilisemwa ni wanyonya damu.

Sisemi kitabu cha watoto kingewaokoa. Itakuwa kejeli kwa marehemu. Nasema uvumi ni hadithi ya kutisha isiyo na msimuliaji wala mwisho, na anayeisikia hajui imeanzia wapi, hivyo huimalizia kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto aliyezoea mazimwi ya hadithi amefundishwa kitu kingine: kupeleleza. Katika hadithi nyingine zimwi linakuja kama bwana harusi mzuri kupita kiasi, na mdogo wa bibi harusi ndiye anayemchungulia usiku na kuuona mdomo wa pili kisogoni. Anatazama kwanza, ndipo anasema.

Na hofu hufundisha hata siasa. Katika mkusanyiko wa ngano za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kuna habari za Sultani Majinuni na paka wake. Paka alikula kuku, watu wakashtaki. Sultani akajibu paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, akala watoto wa watu, jibu likawa lile lile, hadi akageuka nunda na kuwala wana wa sultani mwenyewe. Nipeni kitabu cha uraia kinachomwingia mtoto wa miaka tisa namna hiyo! Shaaban Robert naye hakutuonea haya: katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kuna manyani wawili wanaochapwa kila usiku, na manyani hao ni ndugu wa mchapaji. Tulikisoma, tukaogopa, tukakua.

Waingereza walitunga sheria mwaka 1955 kuwazuia watoto wasiuziwe majarida ya picha za kutisha. Haikupita miaka 40, vitabu vya kutisha vya Goosebumps vya R. L. Stine vikatoka Marekani kuanzia 1992, na watoto wa Kiingereza wakavigombania. Wa kwetu pia, wale wa shule za Kiingereza, wanavisoma: wanaogopa nyumba za Marekani zenye vyumba vya chini ya ardhi ambavyo hawajaviona, ilhali juu ya vichwa vyao upo msitu wa Uluguru na pango la Kolelo, nyoka mkuu ambaye Wazaramo walipanda milima kwenda kumwomba mvua.

Kwa hiyo waandishi, andikeni. Mradi wa Vitabu vya Watoto upo tangu 1991, upelekeeni miswada yenye meno. Pimeni umri, mtoto wa miaka minne si wa miaka kumi. Damu iwe kidogo na kimya kiwe kirefu. Walimu, Ijumaa mchana watoto wamechoka hesabu, wapelekeni chini ya mwembe mkawasimulie.

Nawe mzazi, leo usiku zima televisheni, mwite mwanao, sema Paukwa. Akikushika mkono kwa hofu, usimcheke. Na hata usingizi ukulemee vipi, nakusihi, usilale kabla zimwi halijafa.