Uongo Unaouzwa Pamoja na Nyuzi za Gitaa

Anayenunua nyuzi mpya za gitaa kavu hatoki dukani na nyuzi peke yake. Hutoka na ushauri. Muuzaji humwambia kwamba bila seti kamili ya vifaa ataliharibu gitaa. Mpigaji mwenzake wa kwaya humwambia vifaa vyote ni anasa, meno na kisu vinatosha. Wote wawili wanapotosha, na wa pili ndiye anayeaminiwa zaidi kwa kuwa ushauri wake hauna gharama siku ile. Nazungumzia gitaa la nyuzi za chuma, lenye pini sita kwenye daraja, galatoni kama wengi walivyozoea kuliita.

Tuanze na ushauri wa kukata uzi kwa kikata kucha. Hoja ni kwamba uzi ni mwembamba, kwa hiyo kitu chochote chenye makali kitaukata. Ni kweli uzi wa kwanza katika seti ya kawaida, ile ya namba 12, una unene wa milimita 0.30 tu. Lakini ni waya wa feleji ngumu, jamii moja na nyuzi za ndani ya piano, na unavutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 10 usiku na mchana bila kukatika. Kikata kucha kitaukata mara moja, labda mbili, kisha kitabaki na pengo kwenye makali na hakitafaa tena hata kwa kucha. Mkasi wa mama nyumbani utaishia vivyo hivyo, na hapo utakuwa na kesi nyingine.

Wapo wanaojibu kwamba basi plaizi yoyote inafaa. Siyo. Zile ndogo za mafundi redio zimetengenezwa kwa waya wa shaba, ambao ni laini. Ukizitumia kwa uzi wa gitaa makali yake yanabonyea. Inayotakiwa ni plaizi ya kukatia pembeni, iliyokusudiwa waya mgumu. Kabla ya kulipa, ifumbe na uitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya makali, irudishe, maana uzi wa milimita 0.30 utapinda katikati ya upenyo huo bila kukatika. Na unapokata, sogeza waya karibu na kiungo cha plaizi, sio kwenye ncha, kwa kuwa huko ndiko nguvu ya mkono inakofika vizuri.

Kuna wanaosema kata tu nyuzi zikiwa zimekaza, uokoe muda. Wanaowapinga huhofia shingo ya gitaa. Mimi nahofia macho. Uzi uliokaza ukikatwa huruka, na hauchagui pa kwenda. Legeza kwanza mpaka uweze kuunyanyua uzi kwa kidole bila kutoa sauti, ndipo ukate.

Na hapa ndipo kizungushio kinapoingia, kile kimkono cha plastiki kinachovikwa juu ya ufunguo wa gitaa na kuzungushwa kama mpini wa cherehani. “Vidole vinatosha,” wanasema. Tufanye hesabu. Funguo nyingi za gitaa zina uwiano wa 14 kwa 1, yaani unauzungusha ufunguo mara 14 ili kile kinguzo kinachoviringiwa na uzi kizunguke mara moja. Uzi ukiwa umeviringwa mara tatu, hiyo ni mizunguko 42. Zidisha kwa nyuzi sita upate 252. Ukifungua zote na kukaza mpya umevuka mizunguko 500, na kwa vidole kila mzunguko ni misokoto miwili au zaidi. Utapunguza kidogo ukikata nyuzi za zamani baada ya kuzilegeza, lakini kazi bado ipo. Kwa hiyo vidole vinatosha kweli, kama vile miguu inavyotosha kufika Morogoro. Matokeo ya ushauri huu tunayaona kwenye magitaa ya kwaya nyingi: nyuzi zimeota kutu, hasa huku pwani kwenye jasho na hewa ya chumvi, na hakuna anayezibadilisha mpaka zikatike zenyewe, kwa sababu kila mtu anaikumbuka adha ya mara ya mwisho.

Basi mwingine anaruka upande wa pili na kuleta drili yenye kichwa cha kuzungushia. Katika karakana inayobadilisha nyuzi za magitaa mengi kwa siku, sawa. Nyumbani, mota haihisi pale uzi unapoanza kukaza, na uzi wa kwanza utakuwa umeshakatika kabla hujaachia kidole. Hata kizungushio cha mkono ni cha kuondoa ulegevu tu. Mwisho wa kukaza hufanywa kwa vidole, polepole.

Dai linaloharibu magitaa mengi kuliko yote ni lile la pini: “Zing'oe kwa plaizi.” Wanaolitoa hawajawahi kujiuliza pini inafanya kazi gani. Wanadhani inaubana uzi kama kigingi cha hema. Ukweli ni kwamba kinachoushika uzi ni kile kishanga cha chuma kwenye ncha yake, ambacho kinatakiwa kikae ndani ya gitaa, kikijikita chini ya kipande cha mbao ngumu kilichogundishwa chini ya daraja. Pini inakizuia tu kishanga kisirudi kwenye tundu kilikotokea. Ndiyo maana ukiuweka uzi vibaya, kishanga kikakaa chini ya ncha ya pini, pini huruka pale unapoanza kukaza, na watu husema ni mbovu. Pinda kidogo ncha ya uzi karibu na kishanga kabla ya kuuingiza, weka pini, kisha vuta uzi juu huku kidole kikiikandamiza pini, mpaka usikie kishanga kimegota.

Sasa kutoa. Uzi ukishalegea, usukume ndani ya tundu kwa sentimita moja hivi ili kishanga kiachane na pini. Mara nyingi pini itatoka kwa vidole. Ikikataa, tumia mwanya ulio kwenye ncha ya kizungushio, kwani vingi huwa nao kwa kazi hiyo hiyo. Ikikataa tena, ingiza mkono kwenye tundu la sauti na uisukume kutoka chini kwa sarafu. Plaizi ya meno hutafuna kichwa cha pini za plastiki, na ukiigemeza kwenye daraja ili upate nguvu, unaacha shimo kwenye mbao ambalo hakuna rangi itakayolificha.

“Ukitoa nyuzi zote kwa pamoja shingo itapinda.” Hili limewafanya watu wanunue hata vishikio vya kubana nyuzi zisilegee. Nyuzi sita huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, na shingo imejengwa kuhimili hilo. Watengenezaji wa magitaa Martin wa Marekani waliweka chuma ndani ya shingo tangu 1934, na kile kinachoweza kurekebishwa walianza kukitumia 1985. Kukaa bila nyuzi kwa saa moja ukifuta vumbi hakuidhuru shingo. Angalia tu kile kipande cheupe cha juu ya daraja kisidondoke na kupotea.

Chuma hicho cha shingo ndicho kinachonirudisha kwa muuzaji na seti yake ya vipande ishirini. Humo mna tupa ndogo, vipimo vya unene na ufunguo wa pembe sita. Vyote ni vifaa halali, vya kazi nyingine. Tupa huchonga mifereji ya nyuzi kule kichwani, na mfereji ukishachongwa kupita kiasi uzi hulia ovyo mpaka kipande chenye mifereji hiyo kibadilishwe. Ufunguo wa pembe sita hukaza chuma cha shingo. Robo mzunguko unarekebisha, na mizunguko miwili, mikononi mwa asiyejua, inaleta hasara. Kubadilisha nyuzi hakuhitaji hata kimoja kati ya hivyo. Kama mfereji unashika uzi, sugua humo ncha ya penseli ya kawaida.

Kuhusu tyuna, kifaa cha kupimia sauti ya uzi, wanaodai ya simu haifai wametoa hukumu hiyo wakiwa kwenye kelele za mazoezi. Simu husikiliza kwa maikrofoni, ile ya kubana kichwani mwa gitaa huhisi mtikisiko wa mbao. Chumbani penye utulivu zote zitakupa sauti ile ile.

Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue plaizi nzuri. Kizungushio kifuate mwezi ujao, na seti ya vipande ishirini ibaki kwa muuzaji.